Mockingjay au Allegiant? Kabla hujaanza sirizi, uliza inaishaje

Mtoto wa kaka yangu, yule mdogo, ameingia kidato cha pili na likizo ya Desemba ikikaribia hunijia na swali lile lile, shangazi nianze sirizi gani, na mimi mwaka huu nikamwambia mwanangu wewe usiulize inaanzaje, kuanza zote ni tamu, uliza inaishaje. Manake mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hizi hadithi za vijana za dunia iliyoharibika, zile waita disitopia, serikali katili, msichana na upinde wake, mvulana na siri zake, nyingi zaanza kwa kasi ya ajabu halafu kitabu cha tatu unakaa nacho siku tatu unajiuliza mwandishi ndiye aliyechoka ama ni mimi.

Basi nimeamua niandike hapa vizuri nisirudie kila siku, manake si yeye peke yake aulizaye.

Vitabu nitakavyovisema ni vitatu, na ngoja nikwambie nilivyovipata kwa sababu hata hali ya kitabu ina sehemu yake kwenye hii stori. Mimi nafanya kazi nyumba ya wageni huku Shela, Lamu, na wageni wakiondoka huacha vitu, kofia, mafuta ya jua nusu chupa, na vitabu vingi ajabu, vimevimba kwa maji ya chumvi. Mockingjay niliipata hivyo, chini ya mto wa kiti kule darini, ukiifungua mchanga wakumwagikia mapajani na mpaka leo huo mchanga hauishi, sijui watoka wapi. Allegiant nilinunua Mombasa, ya mtumba, muuzaji akaniapia ni nzima kabisa na mimi kwa haraka ya basi sikukagua, nafika nyumbani nakuta peji kama ishirini zimeng'oka pale pale kwenye utamu, na hizo peji zilinifanyia kitu nitakueleza huko mbele. The Death Cure si yangu, ni ya kijana wa jirani, babake aendesha boti ya kwenda Mokowe, kijana mwenyewe hapendi kusoma hata kidogo na hicho alikimaliza kwa siku mbili.

Kwa asiyezijua kabisa: Mockingjay ni ya Suzanne Collins, ilitoka 2010, ni ya tatu baada ya The Hunger Games ya 2008 na Catching Fire ya 2009. Allegiant ni ya Veronica Roth, 2013, yamalizia Divergent na Insurgent, na huyo Roth cha kwanza alikiandika akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, ukisoma utaona, kina ile haraka ya mtu mdogo. The Death Cure ni ya James Dashner, 2011, ndiyo mwisho wa zile tatu za The Maze Runner, japo naye baadae alirudi nyuma akaandika vya kabla yake. Collins pia amerudi nyuma, 2020 na tena 2025, lakini hizo ni stori za miaka kabla ya Katniss, yule msichana wa upinde aliyetiwa kwenye michezo ya vijana kuuana, kwa hiyo ukifuata mwendo wa hadithi mwisho wake bado ni Mockingjay.

Sasa unene. Mockingjay ina peji 390, Allegiant 526, The Death Cure mia tatu na kitu lakini sura zake fupi fupi sana, nyingine peji nne tano umemaliza. Hii si mambo madogo kwa mtoto anayesomea Kiingereza cha shule. Mockingjay Kiingereza chake chepesi, sentensi fupi, Katniss mwenyewe ndiye asimulia na asimulia kama linatokea saa hii hii, mimi nafanya hiki, mimi naona kile, kwa hiyo hata neno likikupita wewe mbele, utalielewa huko. Allegiant nayo pia ni mimi mimi lakini mimi wawili, sura moja Tris, msichana shujaa wetu, sura nyingine Tobias mpenzi wake, na shida ni kwamba hao wawili waongea sauti moja. Wallahi nilikuwa narudi juu ya sura kuangalia jina limeandikwa nani. Yule mkubwa, dadake huyu anayeniuliza, aliisoma miaka miwili nyuma na kila baada ya dakika kumi ananiita, shangazi nani huyu aongea saa hii, nikimwambia angalia juu asema nimeangalia nimesahau. Vile vitabu viwili vya kwanza vilikuwa vya Tris peke yake, ghafla cha tatu waleta msimulizi wa pili, na msomaji mjanja ashaanza kunusa hapo, kwa nini ahitajike mtu wa pili wa kusimulia? Mimi si mjanja, sikunusa kitu.

Wazazi huniuliza kuhusu adabu, na nawaelewa, kitabu cha Kiingereza huwezi kukikagua chote usiku mmoja. Niseme wazi. The Death Cure mapenzi karibu hamna, damu tele. Mockingjay mapenzi ni kubusiana na kuchanganyikiwa kati ya vijana wawili, Gale na Peeta, ila kuna mahali Finnick, mmoja wa walioshinda michezo ile, asimulia vile Rais Snow alivyokuwa akiwauza washindi kwa matajiri wa Capitol, mji mkuu wao, haelezi kwa kina lakini mtoto ataelewa, na mimi naona ni vizuri aelewe kwa kitabu kuliko aelewe kwa njia nyingine, lakini hayo ni maoni yangu, wewe mzazi shika lako. Allegiant kuna usiku mmoja wa Tris na Tobias, mwandishi apita juu juu, mtoto mdogo aweza kuupita asijue ulikuwa nini.

Mwanzo wa Mockingjay ndio mwanzo mzuri kuliko yote na sioni haya kusema. Katniss arudi kwao, Wilaya ya 12, imepigwa mabomu yote imekuwa majivu, atembea juu ya mifupa ya watu aliokuwa akiwajua, kati ya maelfu waliosalia hawafiki elfu moja. Nyumba zilizobaki zimesimama ni zile za washindi tu, nyumba za fahari, ndani hamna mtu. Mimi niliposoma hapo nikakumbuka Al-Inkishafi, utenzi ule tuliosomeshwa, wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, vile anavyotembea kwenye majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mazulia na watumwa na vicheko, sasa mende na nyenje ndio wanaopiga kelele humo ndani na buibui wametanda vitandani. Ni kitu kile kile, mtu asimama kwenye kiambaza cha jana yake. Sisi hapa si lazima tuende mbali kujua mji ukifa unakuwaje, vuka hapo Manda uende Takwa, msikiti umesimama na nyumba zimebaki magofu. Kwa hiyo mtoto wa Lamu akianza Mockingjay hasomi stori ya Marekani, asoma kitu akijuacho harufu yake.

Allegiant nayo ina kitu chake cha kutugusa na ni kizito pia, ila mwandishi hakikumbatii. Hao kina Tris vitabu viwili wamefungiwa ndani ya mji, Chicago, wamegawanywa makundi matano, wa ujasiri huku wa kujinyima kule, na hawajui nje ya uzio kuna nini. Kitabu cha tatu watoka. Na huko nje, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa O'Hare, wakuta ofisi nzima ya watu waliovaa makoti, wana skrini, wamekuwa wakiwatazama maisha yao yote. Mji wao ulikuwa majaribio. Mamaake Tris mwenyewe alitokea huko nje. Nilicheka peke yangu hapo, manake sisi mji wetu umetiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na tunajua kuangaliwa, mtu yuko barazani kwake anakunywa kahawa mwenzako ashampiga picha na punda wake, na kuna siku waja wataalamu kukwambia mlango wa nyumba ya babu yako una maana gani. Si ubaya, wengine ni watu wazuri na ndio wanaonipa mshahara. Lakini ile hisia ya kugundua kuna mtu alikuwa akikusoma wakati wewe wadhani unaishi tu, hiyo Roth ameipata.

Halafu kuna lile la damu. Hao watu wa O'Hare wagawanya binadamu mafungu mawili, wenye vinasaba safi na wenye vinasaba vilivyoharibika, na Tobias, ambaye vitabu vyote yeye ndiye shujaa asiyeogopa, apimwa aambiwa wewe ni wa fungu la walioharibika. Anavyovunjika hapo! Mtu ni yule yule, mikono ile ile, jana alikuwa simba leo karatasi moja yamwambia yeye ni pungufu naye aiamini karatasi. Mimi nimekulia mji ambao mtu akija kuposa la kwanza aulizwa wewe wa nani, wa ukoo gani, na wako wazee bado wanajua ni nani babu yake alikuwa mwungwana na ni nani hakuwa, na hawasemi kwa sauti lakini posa yarudishwa na sababu haitajwi. Hapo nilikaa na kitabu nimekifunga kidole ndani kwa muda. Kama Allegiant ingekaa hapo ikachimba, leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa. Lakini haikai, yakimbilia maelezo ya kisayansi ambayo ukiyauliza maswali mawili yaanguka, ati zamani walijaribu kutoa vinasaba vya uoga na vya uongo kwa watu ndio dunia ikaharibika, ndio miji ikafungwa ijitibu. Haya. Vitabu viwili uliniaminisha makundi ni imani na siasa za watu, cha tatu waniambia ni maabara. Ni kama mganga wa filamu anayetokea dakika za mwisho.

Wakati huo Mockingjay haielezi dunia yake zaidi ya ulivyoijua, yaigeuza tu uone upande wa pili. Wilaya ya 13, wale waasi, wale ambao wewe msomaji umewasubiri kama mvua, waishi chini ya ardhi, kila asubuhi unaingiza mkono kwenye mashine unachapwa ratiba ya siku kwa wino wa zambarau, saa hii kula saa hii kazi, na chakula kwa kipimo. Wale wanaomremba Katniss, watu wa Capitol, wapumbavu kidogo lakini hawana ubaya, awakuta wamefungwa minyororo chini huko kwa kosa la kuchukua mkate wa zaidi. Mkate! Ni kitu kidogo, peji mbili tatu, lakini baada ya hapo humuamini tena rais wao, yule Coin, hata akiongea vizuri vipi. Hivyo ndivyo mwandishi mzuri afanyavyo, hakwambii huyu mama ni mbaya, akuonyesha kipande cha mkate.

Na kuna ile habari ya matangazo. Waasi wamtaka Katniss awe sura yao, wamvika nguo, wamsimamisha studio na moshi wa uongo aseme maneno ya kishujaa, na awa kichekesho, Haymitch, mshauri wake tangu michezo ile, acheka. Mpaka wampeleka Wilaya ya 8, hospitali imejaa majeruhi, mabomu yaja yaimaliza, na kamera zamkuta pale anapolia kwa hasira, ndio wapata tangazo. Hasira ni ya kweli, lakini yuko mtu aliyesimama nyuma ya kamera anafikiria itakatwa wapi. Mwandishi mwenyewe amewahi kueleza kwamba wazo la sirizi lilimjia usiku akibadilisha chaneli za televisheni, huku shindano la vijana huku vita vya Iraq, vikamchanganyikia. Yeyote aliyekuwa na simu hapa Kenya msimu wa kampeni anajua hiyo habari bila kufunzwa.

The Death Cure nisiipite bila neno ingawa kwangu ni ya tatu. Thomas na wenzake, ugonjwa unaokula akili za watu, shirika linalosema lina haki ya kumpasua kichwa kwa ajili ya dawa. Ni mbio tu, mlango, bunduki, mbio. Lakini kuna Newt, rafiki yake, na kuna karatasi anampa Thomas aifungue baadae, na kilichoandikwa humo na kinachofuata ndicho kitu pekee kwenye kile kitabu ambacho kijana wa jirani alikuja kuniambia mpaka kwangu, amesimama mlangoni hataki kuingia, asema "dada, hicho kitabu kina ujinga." Nikamuuliza ujinga gani, akasema basi tu, akaenda zake. Macho mekundu. Kwa hiyo kama una kijana asiyekaa chini, mpe hiyo, asikudanganye mtu.

Muvi pia watu huuliza. Mockingjay waliikata mbili, 2014 na 2015, zafuata kitabu vizuri. The Death Cure ilitoka 2018 baada ya kuchelewa kwa sababu yule mwigizaji mkuu aliumia wakati wa kupiga. Allegiant muvi yake ni ya 2016, yaachana na kitabu njia nzima, wakasema itakuja nyingine ya kumalizia na haikuja kabisa. Kwa hiyo ukitazama muvi za Divergent ukadhani umejua mwisho, hujajua kitu.

Haya, kuanzia hapa natoboa mwisho. Kama hutaki kujua nani anakufa simama, rudi siku nyingine, sitaki lawama. Mimi mwenyewe nusura niambiwe ndani ya boti na mtu nisiyemjua aliyeona kava mkononi mwangu, nikaziba masikio kama mtoto mdogo mbele ya watu na mikungu yao ya ndizi.

Tris anakufa. Nilivyolijua mimi ni hivi: zile peji zilizong'oka kwenye kitabu changu cha mtumba ndizo zile. Nasoma Tris aelekea kwenye mlango wenye sumu, nageuza peji, namkuta Tobias arudi kutoka mjini aambiwa amekufa. Nikadhani ni uongo wa kimkakati, nikadhani amefichwa, nikasoma peji zote zilizobaki nikimsubiri atokee nyuma ya mlango. Tobias analia namwambia ngoja, subiri. Mpaka peji za mwisho kabisa, miaka miwili na nusu imepita, yuko juu ya ghorofa na majivu yake, ndio nikaelewa hatoki. Yule mtoto wa kaka yangu, yule mkubwa, alikuwa na kopi nzima ya rafiki yake, alisomea darini kwa tochi ya simu usiku stima imepotea, nasikia kitu kimegonga ukuta, nakimbia juu nadhani kuna paka ameangusha chungu, ni kitabu. Amekirusha. Mamangu, bibi yao, yuko chini auliza, "Chuo hicho chakuliza nini? Utaharibu mato." Bibi kila kitabu kwake ni chuo, kiwe cha dini kiwe cha kina Tris.

Je ni kifo kizuri? Nimefikiria sana. Sababu yake ipo: kakake Caleb, aliyemsaliti kitabu cha pili, ndiye aliyejitolea kwenda kufa, na Tris aona yule ajitolea kwa kujuta na si kwa mapenzi, amzuia aenda yeye. Hiyo ni safi, yatoka ndani ya mtu mwenyewe. Lakini alichoendea kufanya ni kumwaga dawa ya kufuta kumbukumbu kwa watu wote wa ile ofisi, na peji hamsini nyuma walikuwa wakipiga kelele kwamba kufuta watu kumbukumbu ni dhulma isiyosemeka. Kumbe dhulma ni nani afutwa. Na kitabu hakioni, kinasonga mbele kama kimefanya jema, hapo ndipo kiliponipoteza. Kilichonirudisha ni Tobias na mamaake. Ana dawa ile ile mfukoni, aweza kumfuta mamaake Evelyn awe mtu mpya asiye na ubaya, na badala yake amweka chini amwambia ukiacha haya mambo ya vita utanipata mimi mwanao, na yule mama aliyemkimbia akiwa mdogo amchagua yeye. Peji chache tu. Kwa wale walio na mzazi wa namna hiyo, hizo peji zatosha bei ya kitabu.

Kwenye Mockingjay anakufa Prim, mdogo wake Katniss, yule ambaye kitabu cha kwanza kizima kilianza kwa ajili ya kumuokoa. Mabomu yaangushwa juu ya watoto, yalipuka mara moja, madaktari wakimbilia kuwasaidia, yalipuka mara ya pili. Na Prim ni kati ya hao waliokimbilia. Mistari michache imekwisha, watu walalamika ni haraka mno, mimi naona ndivyo ilivyo, habari ya msiba haiji na ngoma. Uchungu ni kwamba wazo la bomu la kusubiri wenye huruma lilikuwa la Gale, rafiki yake wa tangu utotoni, alilichora yeye na Beetee, fundi wa waasi, na hakuna ajuaye kama bomu lile lilikuwa lao. Gale mwenyewe hajui. Hiyo ndiyo inayowatenganisha, wala si kwamba Peeta alishinda mashindano ya mapenzi.

Halafu kura. Washindi saba waliobaki waulizwa na Coin tuwatie watoto wa Capitol kwenye michezo ile ile ya kuuana, mara moja ya mwisho, na Katniss asema ndiyo, kwa ajili ya Prim. Nne kwa tatu yapita. Tumegombana hapa nyumbani juu ya hiyo ndiyo. Mimi nasema alimdanganya Coin ampe nafasi ya kusimama na upinde, manake apewa mshale wa kumuua Snow naye aelekeza juu ammaliza Coin. Yule mkubwa asema hapana shangazi, alimaanisha, kwa ile dakika alimaanisha kabisa, na ndio maana baada ya hapo hawezi kuishi na nafsi yake. Siku hizi nahisi yeye ndiye sahihi.

Na hapo ndipo Mockingjay yaishinda Allegiant kwangu, si kwa vita. Katniss arudishwa kwao Wilaya ya 12, akaa kwenye kiti, haogi, hali mpaka aletewe, mamaake hakurudi naye. Siku moja paka wa Prim, Buttercup, yule paka mbaya asiyempenda Katniss wala Katniss hampendi, amekuja kwa miguu kutoka huko mbali, aingia ndani amtafuta Prim. Katniss amrushia vitu, amfokea hayupo, amekufa, na yule paka aanza kulia, na hapo ndipo na yeye alia kwa mara ya kwanza. Usiku paka amlinda.

Mamangu alifariki mwaka jana. Alikuwa na paka wake, wa kijivu, sikio limekatika, mji huu paka ni wengi kuliko watu lakini huyo alikuwa wake, akimmegea samaki kwa mkono. Baada ya arubaini yule paka bado alikuwa alala kwenye kizingiti cha chumba, ukifungua mlango aingia aangalia kitandani, atoka, alala tena. Yule mtoto mkubwa, mrusha vitabu, alikaa karibu yake kizingitini na Mockingjay yangu ya mchanga, nikampita nikaona yuko peji za mwisho mwisho, sikumuuliza. Mchanga ulikuwa umemwagika kwenye sakafu, wala sikufagia.

Kwa hiyo anayeniuliza kipi, kwanza namtazama yeye. Kama ni mtu wa kuuliza maswali ya nani safi nani si safi, na hajali kitabu kimejikwaa, aende na kina Tris, lakini anunue kopi akague peji moja moja kabla ya kutoa pesa. Kama ana siku mbili tu na miguu haitulii, Thomas. Kama amefiwa, watu hudhani umpe kitu chepesi, mimi nampa Katniss.

Huyu mdogo nimemuanzishia The Hunger Games wiki iliyopita, yuko cha pili sasa. Amekuja jana kuuliza cha tatu kiko wapi, nikamwambia kamuulize dadako, asema ameshamuuliza, dadake amemwambia hakijui.